Wakristo wa Kalemie Hatutukani

Semina ya ulimi imepita tena mjini kwetu. Haipiti miezi mingi bila kanisa fulani la Kalemie kutundika bango: siku tatu, mhubiri mgeni kutoka Lubumbashi au Bukavu, kuingia bure, sadaka ya kila jioni ni kati yako na Mungu wako (na mhazini). Waraka wa Yakobo unafunguliwa kwenye sura ya tatu. Lijamu kinywani mwa farasi, usukani wa meli, cheche na msitu. Farasi wengi wetu hatujawahi kumwona, lakini watu wa ziwani meli tunazijua, na moto tunaujua kuliko tunavyopenda, basi tunaitikia amina. Halafu mhubiri anashuka kwenye mifano ya maisha, na hapo ndipo mimi huanza kuutazama mlango. Mifano haibadiliki. Akina mama wanaosengenyana kwenye bomba la maji. Vijana wa bandarini wanaotukana matusi ya nguoni. Mke anayemjibu mumewe mbele ya wageni. Msichana wa kwaya aliyemcheka mwenzake aliyekosea sauti. Siku ya tatu watu wanalia, wanatubu, wanawekewa mikono, wanarudi nyumbani wametakaswa midomo.

Nami nasema wazi: semina hizi zinatudanganya. Yote wanayosema juu ya umbea ni kweli, sina ugomvi nayo. Uongo uko katika kutuaminisha kwamba dhambi kubwa ya ulimi ni tusi. Mkristo wa Kalemie hatukani. Ninamjua, naishi naye, naimba naye. Umkanyage mguu sokoni atakuambia Mungu akubariki. Na ni huyo huyo, kwa upole ule ule, bila hata neno moja chafu, anayeweza kutamka sentensi ambayo kabla juma la pili halijaisha imemtoa mtu nyumbani kwake.

Soma Mathayo sura ya tano, kuanzia mstari wa 21. Bwana wetu anaanza na amri ya kutoua, ile ambayo Wakatoliki wanaihesabu ya tano na sisi Waprotestanti ya sita. Nadhani wasikilizaji wake pale mlimani walikuwa wametulia, kwa maana wangapi kati yao walikuwa wameua mtu? Kabla hawajapumua, amekwisha kumfikisha mbele ya baraza yule aliyemdharau nduguye kwa neno moja, na mwingine amemwonyesha jehanamu ya moto. Angeweza kuliweka neno la dharau kwenye ushahidi wa uongo, au kwenye mashauri ya wazazi kwa watoto wao. Aliliweka kwenye damu. Sisi tumelitoa huko kimya kimya tukalihamishia kwenye somo la adabu, likae pamoja na kupiga miayo bila kuziba mdomo. Ndiyo maana mtu anaweza kuhudhuria semina ya ulimi kila mwaka tangu abatizwe na asiulizwe hata mara moja: Watwa umekuwa ukiwaitaje?

Tuanzie hapo, maana hapo ndipo mkoa huu ulipoungua. Watwa, ambao wengine wanawaita Wambote au Mbilikimo, wameishi na Waluba huko Nyunzu, Kabalo, Manono na vijiji vya nyuma ya Kalemie kwa vizazi vingi. Wameishi vipi? Mtwa alilima shamba la Mluba akalipwa mihogo, chumvi, nguo kuukuu au kikombe cha pombe ya lutuku. Mwanamume wa Kiluba aliweza kumchukua msichana wa Kitwa. Mwanamume wa Kitwa aliyemtamani binti wa Kiluba alikuwa anatafuta kipigo. Na yote hayo yalisemwa kwa maneno mazuri kabisa. Huyu ni Mtwa wangu. Watwa ni kama watoto, ukimpa hela ataiharibu. Mtwa hana shamba, yeye ni wa porini. Sahani yake iko kule nje. Nani ametukana hapo? Hakuna. Sentensi hizo zilitoka vinywani mwa watu wa sala, wameketi kwenye viti vyao barazani, watoto wakisikiliza na kujifunza. Katekista aliyepita njia hakuzikemea, kwa kuwa hazikuwemo kwenye orodha yake ya dhambi za ulimi.

Kuanzia mwaka 2013 sentensi hizo zilishika mapanga. Watwa walidai ardhi na heshima, wengine wakadai kwa mishale; Waluba wakaunda vikundi vyao walivyoviita Elementi. Tarehe 30 Aprili 2015 wapiganaji wa Kiluba wenye mapanga, mishale na mashoka waliivamia kambi ya Watwa waliokimbia makwao, kambi ya Vumilia pale Nyunzu, wakaua watu wasiopungua 30. Mwaka 2016 ugomvi mwingine uliwaka Kabalo juu ya ushuru wa viwavi, viwavi hawa hawa tunaonunua sokoni kwa kopo. Wanamgambo wa Kitwa nao walichoma vijiji, waliua, walibaka. Msinisome kana kwamba upande mmoja ulikuwa wa malaika. Kufikia mwisho wa mwaka 2017 watu zaidi ya nusu milioni walikuwa wamehama makwao katika mkoa huu, na pembeni mwa mji wetu, Katanika na Kalunga, vibanda vya majani vilibanana hata ukipika kwako moshi unaingia kwa jirani wa tatu.

Wengi wa waliobeba mapanga walikuwa na majina ya ubatizo. Lifikirieni hilo kabla ya kuniambia kwamba vita ile ilikuwa ya mashamba na madini. Shamba lilikuwa sababu, sikatai. Ila mtu hamchinji jirani yake wa miaka arobaini kwa ajili ya shamba peke yake. Ni lazima kwanza awe ameambiwa, tangu akiwa mtoto wa kutumwa dukani, kwamba yule wa kule si mtu kamili. Ameambiwa na nani? Na mama yake, mama mwema, mwanachama wa kikundi cha maombi, ambaye maisha yake yote hajatukana mtu.

Aibu hii ina uzito wa pekee kwetu kwa sababu mkoa huu ndio uliomzaa Stefano Kaoze. Mtoto wa Marungu, alisomeshwa na Mapadri Weupe, akapewa upadri Julai 1917 pale Baudouinville, ambayo leo tunaiita Moba-Kirungu, Mkongo wa kwanza kupata upadri enzi za ukoloni. Enzi zile Wazungu wengi walikuwa wanasema, tena kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, kwamba mtu mweusi hawezi: akili yake ni ya kitoto, mambo ya juu hayafikirii. Kaoze alikuwa ameanza kuwajibu kabla hajawekewa mikono, kwa makala juu ya saikolojia ya Wabantu yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1910. Zaidi ya karne moja imepita, na wajukuu zake wa imani tunatumia sentensi zile zile kumhusu Mtwa. Hawezi kusoma. Hawezi kukaa mahali pamoja. Hawezi kusimama mbele ya watu. Hesabuni madhabahu za mji huu, za Wakatoliki, za Wamethodisti, za Wapentekoste, za Wakimbangu, za makanisa ya uamsho, halafu mniambie mmewakuta Watwa wangapi wenye kipaza sauti mkononi. Msinijibu kwamba hawajajitokeza.

Wala hatukuanza na Watwa. Mkoa huu ulipokuwa bado sehemu ya Katanga, na Katanga bado inaitwa Shaba, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alisimama majukwaani akawaita Wakasai bilulu, wadudu. Mwaka 1992 na 1993 mamia ya maelfu walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko, wakalala stesheni majuma kwa majuma wakingoja treni. Watoto na wazee walifia pale pale na ndani ya mabehewa. Lile lilikuwa tusi hasa, hata kwa kipimo cha semina zetu, na bado halikuhesabika. Kwetu tusi ni neno la nyumbani. Likisemwa jukwaani na mkubwa linaitwa siasa, na watu waliotoka misani asubuhi ile wanalipigia makofi.

Moba, tarehe 1 Agosti 2007, uvumi tu ulitosha: kwamba wakimbizi wanaorudishwa kutoka Zambia ni Wanyamulenge, Watutsi wa Kivu ya Kusini, wanaoletwa kupandikizwa. Umati ukazivamia ofisi za Umoja wa Mataifa na za mashirika ya misaada. Lweba, upande wa Fizi, Desemba 2021, ofisa wa jeshi letu wenyewe, Mnyamulenge, aliteremshwa garini akauawa na kuchomwa moto hadharani. Na mwaka 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari na Bukavu Februari, boti zilishusha watu hapa Kalemie, mama na sufuria yake, mwanafunzi na begi la shule. Makanisa yalipika uji. Niliona, nashukuru. Jioni hiyo hiyo kwenye simu zetu zilikuwa zinapita sauti za WhatsApp: tazameni pua zao, sikilizeni wanavyotamka, kati yao maadui wamejipenyeza. Moja ilifunguliwa kwa Bwana asifiwe na kufungwa kwa kuomba uitume kwenye makundi mengine matano, Mungu akubariki sana. Hakuna tusi hata moja ndani yake. Niliisikiliza mara mbili nikilitafuta.

Serikali hii isiyoweza kumlipa mwalimu kwa wakati iliona tangu tarehe 7 Juni 1966 kwamba neno la chuki ya kabila ni jinai, ikaandika amri yenye nguvu ya sheria. Mwaka 2022 ikatunga sheria ya kuwalinda Watwa na haki zao. Mwaka 2023 ikaja sheria ya mambo ya kidijitali, na uvumi na chuki za kwenye simu zikaingizwa humo. Sheria hizi hazitekelezwi ipasavyo, kila mtu anajua, lakini angalau zimeandikwa. Kanisa, ambalo limekaa na Mathayo 5 karibu miaka elfu mbili, bado liko kwenye umbea wa bombani.

Sasa nije kwenye jambo litakaloninyima salamu za watu kadhaa.

Mkesha wa Ijumaa. Umeme wa Bendera umekatika, jenereta inanguruma nje ya dirisha, kipaza sauti kimefungwa leso kichwani kwa sababu sifongo yake ilipotea zamani. Nabii (kwetu unabii ni kazi, una ratiba na namba ya simu ukutani) anafumba macho. Anaona mama. Mama amevaa kitenge cha kijani. Nyumba yake ina mwembe mlangoni. Anaona mtoto wa hapa hapa mtaani ambaye hanenepi, na kamba imefungwa tumboni mwa mtoto, na kamba inakwenda, inakwenda, inaingia nyumba ya mwembe. Kanisa linaguna kwa pamoja. Msichana mmoja mbele anaanguka. Nabii anafuta jasho, anashusha sauti: jina sitalitaja, Roho ananikataza, wapendwa tuchunge ulimi. Sikuapii, maana kuapa nako tumekatazwa, lakini hayo ndiyo maneno.

Alichunga ulimi, si ndiyo? Jina hakulitaja. Mtaani kwetu nyumba yenye mwembe mlangoni ni moja.

Jumatatu yule mama alikwenda bombani na bidoni lake la njano. Hakuna aliyemwambia kitu. Waliofika nyuma yake walichota mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, bila kumsukuma, mpaka maji yakakatika. Jumanne alipanga mafungu yake ya ndagala kwenye sinia kama kawaida, na saa kumi jioni mafungu yalikuwa yale yale, na wauzaji wa pande zote mbili walikuwa wamesogeza meza zao kidogo. Jumatano mjukuu wake aliyekuwa anacheza mpira wa matambara na wenzake aliona wenzake wote wameitwa ndani kwa wakati mmoja. Ijumaa shemeji yake akaja na vijana wawili, akaketi, akakubali hata kunywa chai, akauliza kwa upole kwamba hivi marehemu kaka yake alikufa kwa ugonjwa gani hasa, na karatasi za kiwanja ziko wapi. Kabla juma la pili halijaisha mama alikuwa kwenye boti ya Moba na furushi moja. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemgusa hata kwa ukucha. Yule mtoto asiyenenepa alipelekwa kwenye kituo cha afya wakati mwembe ulikuwa umekwisha kubaki bila mwenyewe. Akapimwa uzito, akaonekana ana minyoo na njaa.

Anayerusha jiwe tunamwita muuaji. Mwenye kipaza sauti tunamwita mtumishi, na tunamnunulia soda.

Na huyu alikuwa mtu mzima. Wakati mwingine kamba ile inatoka kwa mtoto mwenyewe: yatima anayekojoa kitandani, binti mwenye kifafa, mvulana anayelelewa na mama wa kambo aliyechoka naye. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema wazi kwamba kumtuhumu mtoto uchawi ni kosa, na kosa hilo lina kifungo. Ni manabii wangapi wa mji huu wameisoma? Au nigeuze swali: ni Wakristo wangapi waliokaa kwenye mkesha kama ule wakasimama, wakasema kwa sauti, nabii, hapo hapana? Tunakaa. Tunaguna. Mguno ule nao ni neno, na Bwana alisema tutatolea hesabu hata ya neno lisilo maana.

Kuna sura ya Biblia iliyoandikwa kama kwa ajili yetu, na katika semina zote nilizohudhuria sijaisikia ikisomwa. Ni 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Mkewe Yezebeli hakutuma askari. Alitangaza mfungo! Barua zenye muhuri wa mfalme zikatoka, watu wakafunga, Nabothi akakalishwa mahali pa heshima, watu wawili wasiofaa wakaketi mbele yake wakashuhudia, akatolewa nje ya mji akapigwa mawe. Na shitaka lilikuwa nini? Soma mwenyewe. Nabothi alishitakiwa kwa dhambi ya ulimi: eti amemtukana Mungu na mfalme. Waliomuua walikuwa wanatetea usafi wa maneno, wamefunga na kuomba. Baada ya hapo Ahabu akateremka kulimiliki shamba, kama shemeji yetu na karatasi zake za kiwanja.

Mnaona basi kwa nini sisadiki sana mtu mkubwa anaponiambia nichunge ulimi. Tazama ni nani anaambiwa hivyo katika kanisa letu. Mjane aliyeuliza fedha za paa zimefika wapi, anaambiwa achunge ulimi wake, asimguse mtiwa mafuta wa Bwana. Msichana wa kwaya aliyelalamika kwamba kiongozi wa kwaya hukawia sana kuushusha mkono wake begani, anaambiwa asichafue jina la huduma. Kijana aliyeuliza kwa nini Watwa wawili waliokuja ibadani walikalishwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, anaambiwa ana roho ya ukosoaji. Lakini mheshimiwa mgombea akija na bahasha, anapewa kiti chenye kitambaa na kipaza sauti asalimie kanisa, na katika salamu zake za dakika ishirini atasema mara nne kuhusu watoto wa nyumbani na wale waliokuja. Pasta anatabasamu. Semina ya ulimi haijawahi kumfikia mheshimiwa.

Manabii wa Biblia walifanya kinyume chake kabisa. Nathani aliingia kwa Daudi, mfalme mwenye jeshi na damu ya mtu mikononi, akamwambia usoni kwamba mwenye hatia ni wewe. Yohana Mbatizaji alimtaja Herode na mke aliyemchukua, na kichwa chake kikaenda kwenye sinia. Walikuwa wakali kwa wenye nguvu. Sisi tuna manabii wanaoona kamba kwenye nyumba za wajane tu. Kamba za kwa gavana, za kwa kamanda na za kwa mfanyabiashara mwenye malori, maono yao hayazifikii.

Nimeshajibiwa, na majibu nayajua. La kwanza: tuko vitani, adui yupo, mnataka tunyamaze? Sijamwambia mtu anyamaze. M23 ina viongozi wenye majina, wataje. Serikali ya Rwanda ina rais na majenerali, wataje. Waliokula mishahara ya askari wetu hadi askari akakimbia bila viatu nao wana majina, na hao kuwataja ndiko kunakohitaji ushujaa. Ukiisha kuwataja hao wote, utakuwa umetumia ulimi wako vizuri na hutabaki na haja ya kuchunguza pua ya mama aliyeshuka kwenye boti na sufuria. Anayemwogopa jenerali na kumshambulia mkimbizi asituambie kwamba ni mzalendo.

La pili: uchawi upo, Biblia yenyewe inautaja. Sawa, sitabishana leo kama upo au haupo. Lakini Mathayo 18 inasema ndugu yako akikosa uende kwake, wewe na yeye peke yenu. Kwa hiyo nabii aliyeona kamba aende mchana kweupe kwenye nyumba ya mwembe, abishe hodi, akaribishwe kiti, amwambie yule mama usoni mwake kile alichokiona, amsikilize na yeye. Hataenda. Anajua kwamba mchana, bila jenereta na bila mguno, akimtazama bibi anayepepeta ndagala, maneno yatamkwama kooni. Neno lisiloweza kusemwa uso kwa uso halikutoka kwa Mungu, na kwa hili sihitaji shule ya thiolojia.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa linasemwa na watu wema: sisi kanisa letu halina mambo hayo, sisi tunasali kwa utulivu. Ninyi watu wa utulivu, ambao jenereta yenu haingurumi na kwaya yenu inaimba kwa nota, nitajieni hubiri moja tu la padri au pasta wenu, kuanzia 2013 hadi leo, lililomwambia Mluba aliyeketi benchi la mbele kwamba sentensi ya Mtwa wangu ni dhambi ya kuua na inahitaji kitubio. Mmehubiri amani. Najua, nilikuwepo, amani imehubiriwa mpaka imechoka. Kuhubiri amani kwa ujumla hakumgharimu mtu chochote. Hata wenye mapanga waliitikia amina.

Zakayo alipookoka hakuishia kulia. Alitamka hesabu: aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Toba ya ulimi nayo ina hesabu yake, na ndiyo hatujawahi kuilipa. Aliyeituma ile sauti ya WhatsApp kwenye makundi matano ayarudie makundi hayo hayo matano aseme nilieneza uongo. Kiongozi wa kundi la simu la kanisa amtoe anayeileta tena, hata kama ni mzee wa kanisa, hata kama ndiye anayelipia jenereta. Baba wa familia aliyewafundisha wanawe kwamba sahani ya Mtwa inakaa nje awaite wanawe wale wale, sasa ni watu wazima, ale na Mtwa kwenye sahani moja mbele yao.

Na wewe pasta wangu, bango la semina ijayo litundike, nitakuja, hata viti nitabeba. Ila Jumapili ya kabla yake shika kipaza sauti kile kile, mtaje yule mama kwa jina lake la ubatizo, useme mbele ya kanisa lote kwamba alisingiziwa. Kisha mtume shemasi Moba na nauli ya watu wawili, amrudishe kwenye kiwanja chake. Ukishindwa hilo, usitufundishe tena habari za ulimi.